Aliyetangulia Kutoka

Mimi ni mkazi wa Temeke, Dar es Salaam, mama wa watoto wawili. Jina langu naliweka kando kwa ajili yao, maana shuleni watoto husikia mengi. Nilianza kula unga, yaani heroini, nikiwa binti, nikauvuta, kisha nikajidunga. Leo, kwa rehema za Mungu, ni mwelimishaji rika na kiongozi wa kikundi cha wanawake walioko kwenye tiba. Natoa ushuhuda huu kwa sababu mtu akisimulia alivyoacha dawa za kulevya, mara nyingi anajitaja yeye na Mungu wake, au yeye na daktari wake, basi. Mungu namshukuru na madaktari nawaheshimu. Lakini wapo na wengine ambao bila wao nisingefika kwa daktari wala nisingekumbuka kuomba: mateja, watumiaji wenzangu, waliotangulia kutoka, kisha wakarudi kututafuta.

Unga haulimwi kwetu. Unatoka Afghanistan, unashuka hadi pwani ya Makran kule Iran na Pakistan, unapakiwa majahazini na kukata Bahari ya Hindi hadi kwetu. Wenye biashara wanataka kuupitisha tu uende Ulaya na kwingineko, lakini njiani hubaki sehemu yake, na hiyo iliyobaki ndiyo iliyotumaliza. Wakubwa wa maskani, vijiwe vyetu vya kutumia unga, walitusimulia kwamba zamani ulikuwepo ule wa kahawia, wa kuvuta. Kuelekea mwaka 2000 ukaingia mweupe, unaoyeyuka upesi ndani ya maji, na hapo mabomba ya sindano yakaingia vijiweni.

Wanawake wengi niliowakuta huko waliingizwa na mtu waliyempenda. Mimi pia. Mwanaume niliyekuwa naye alinipa sigara, akasema imetiwa kitu kidogo cha kutuliza mawazo. Baada ya muda niliamka asubuhi moja nikadhani ni malaria: miayo isiyokatika, machozi na kamasi, vipele vya baridi mwili mzima, mifupa inauma kama inapasuliwa, tumbo linaendesha. Nilimwambia anipeleke hospitali. Akaniambia, "Hiyo ni arosto. Vuta kidogo, itaisha." Nikavuta, ikaisha kweli. Tangu siku hiyo sikutafuta starehe tena. Nilikuwa nakimbia arosto tu, na kila saa chache inakukuta.

Maskani yana hesabu yake, na hesabu hiyo humwangukia mwanamke vibaya zaidi. Mwanaume ataokota vyuma chakavu, atapiga debe stendi, ataiba. Mwanamke anabaki na mwili wake, na mteja wa mwili huo ndiye anayeamua kama kinga itatumika. Tafiti zilizofanywa Dar es Salaam miaka ile ya 2000 zilikuta zaidi ya nusu ya wanawake wanaojidunga waliopimwa wana VVU, kiwango kinachopita kile cha wanaume kwa mbali. Kuna jambo jingine ambalo watafiti waliliandika mwaka 2005: mwanamke aliyefanikiwa kupata kete, kipakti cha unga, anajidunga, kisha anavuta damu yake mwenyewe kwenye bomba na kumpa mwenzake asiye na kitu, kwa imani kwamba damu ile itampunguzia arosto.

Mimi nimeliona hilo kwa macho yangu. Waliolisikia kwa mbali waliona wazimu. Sisi tuliolala chini ya paa moja tulijua lilitoka wapi: mwenzako anatapika pembeni yako, wewe umebahatika kete moja, na huwezi kumtazama. Ilikuwa huruma isiyo na elimu, nayo iliua. Lakini ilikuwa huruma. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakituona leo tumesimama mbele ya mkuu wa kituo cha polisi au mganga mkuu tukimtetea mtu, hudhani tulifundishwa kujaliana kwenye semina. Semina ilitupa maarifa. Kujaliana tulikuwa nako tangu maskani.

Aliyenitafuta mimi alikuwa dada mmoja, mwenyeji wa huku huku Temeke, aliyewahi kutumia. Alifanya kazi na asasi iliyokuwa ikipita vijiweni. Nilimwona wa tofauti kwa sababu alijua saa ya kuja. Wengine waliotufuata walifika alfajiri na Biblia au vipeperushi, wakatukuta na arosto, wakaondoka wakisema hawa hawasikii. Ni kweli, mwenye arosto hasikii neno la mtu. Dada yule alisubiri watu wapate kete ya asubuhi, akaja wakati macho yamefunguka na usingizi haujatushika. Alikaa chini mchangani kama sisi. Hakuuliza kwa nini tunatumia. Aliuliza nani ana jipu mkononi linalohitaji kusafishwa, nani hajapata hedhi, nani ameumizwa na mteja jana. Akatuletea mabomba masafi, akatuonyesha kwa nini la mwenzako usiliguse. Siku ile ndipo mchezo wa kupeana damu ulipokufa katika kijiwe chetu. Aliyeuua alikuwa mtu ambaye tungemwamini hata angetuambia jua limezimika.

Yeye ndiye aliyetuambia habari za methadoni, dawa inayotuliza arosto. Kliniki ilifunguliwa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Februari 2011, ikiwa ya kwanza ya umma katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Kisiwani Mauritius walikuwa wameanza mwaka 2006. Dawa ni bure. Lakini hukuingia kwa kubisha hodi tu. Ilibidi upitie asasi, uhudhurie vikao vya kuandaliwa, na uje na ndugu atakayekuwa shahidi wako. Hapo kwenye ndugu ndipo wengi wetu tulikwama. Mimi mama yangu nilikuwa nimemwuzia mpaka masufuria.

Dada akaenda kwa mama bila mimi. Baadaye mama mwenyewe alinisimulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kama umekuja kumwombea yule, hapa hapana kitu. Nimeshamlilia nimechoka."

"Sikuja kumwombea, mama. Nimekuja kukwambia na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Wangu aliniruhusu nilale kibarazani kwanza, chumbani sikuingia. Ulikuwa mwanzo."

Mama alimtazama yule dada: kanga safi, mkono umejaa makovu ya sindano. Akakaa kimya. Kesho yake alivaa baibui akaja naye kijiweni. Hospitali ilikuwa na daktari bingwa wa magonjwa ya akili, manesi na wafamasia, lakini hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kumwonyesha mama yangu makovu yake na kumwambia inawezekana.

Methadoni ni dawa ya maji. Nilikunywa mbele ya mhudumu, kisha nikaongea kidogo aone nimemeza. Kila siku, Idi na Krismasi zikiwemo. Dozi inaanza chini, inapandishwa polepole mpaka arosto inyamaze kwa saa 24 nzima. Haikunilewesha, ilinipa siku nzima ya kuwa mtu. Siku hiyo nzima ndiyo iliyonitisha kuliko kitu chochote. Mtumiaji hana muda wa bure: anatafuta hela, anatafuta pusha, anatafuta pa kuvutia, na kukicha anaanza upya. Nilipokunywa dawa saa mbili asubuhi nikatoka getini, nilikuwa nimemaliza kazi zote za siku. Nikasimama pale sijui niende wapi, na wauzaji wa kete wanajua kabisa kwamba watu wa namna hiyo wanapatikana nje ya kliniki.

Dada alikuwa anatusubiri nje ya geti. Alikuwa amewaomba wahudumu benchi na kivuli, na kila siku baada ya dawa alitukusanya wanawake tukae mpaka adhuhuri: tunasukana, tunazungumza, tunafundishana kusoma. Tulikuwa wachache. Katika miaka ya mwanzo, wanawake pale kliniki hatukufika hata mmoja kati ya kumi, na sababu zilijulikana. Mwanamke akionekana kwenye foleni ya mateja, mtaa mzima unamwita malaya. Ana mtoto wa kumwacha. Nauli ya daladala kila siku anaitoa wapi kama si kulekule anakokimbia? Dada aliyaorodhesha hayo, akayapeleka kwenye vikao vya kliniki: wanawake wapate siku yao ya kuonana na mshauri, mwenye mtoto asikae foleni. Hakusema "naomba". Alisema, "Hawa wanawake wako hai, wako Mtoni, wako Tandika, na hawaji kwa sababu hizi." Baadhi ya hayo yalikubaliwa. Kliniki zilipofunguliwa Mwananyamala na baadaye Temeke, mimi nikahamishiwa jirani na nyumbani, na suala la nauli likapungua.

Nikashika mimba nikiwa kwenye tiba. Kila mtu alikuwa na ushauri. Jirani akasema niache dawa, nitazaa teja. Shangazi akasema nikanywe dawa ya mitishamba. Dada akanikamata mkono tukaenda kwa daktari, naye daktari akatueleza: mwenye mimba akikatiwa methadoni ghafla, arosto inaweza kumtoa mtoto tumboni. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za arosto, analia sana, anatetemeka, lakini hizo zinatibika akiangaliwa hospitalini siku za mwanzo. Nikaendelea na dawa.

Uchungu ulinikuta usiku. Katika hospitali niliyokwenda, muuguzi aliona mikono yangu, akawaita wenzake waje waone. Nikaachwa kwenye kiti. Mama akapiga simu. Dada akaja kwa bodaboda usiku ule ule, ameshika barua ya kliniki, akasalimia kila aliyekuwepo zamuni kwa heshima, akasema, "Mgonjwa wenu yuko kwenye tiba ya serikali. Dozi yake ni hii, ya mwisho alikunywa leo asubuhi, na daktari wake anapatikana kwenye namba hii." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Nikapewa kitanda. Mwanangu alizaliwa salama, akatetemeka siku kadhaa, akatibiwa, akanyonya.

Mimi ningeishia kushukuru. Dada hakuishia hapo. Alikwenda kliniki akasema lililonipata lisimpate mwingine: kila mjamzito apewe barua mapema, iandikwe dozi na namba ya simu, na wodi ya wazazi iarifiwe kabla. Ndivyo ikawa kwetu. Nilipoliona hilo nikaelewa kazi yake ni nini hasa. Kumtetea mtu mmoja ni wema. Kuhakikisha anayefuata hahitaji kutetewa, huo ndio uongozi, nami nikamwambia nataka kujifunza kwake.

Nilianza na kuhesabu watu. Nani hajaja leo? Jana alikuja? Anakaa wapi? Mwenzetu mmoja alianza kukosa, mara aje anatetemeka, mara atoweke. Watu wakasema amerudia unga. Nikamfuata chumbani kwake. Ameketi kitandani na kopo la vidonge vyekundu vya kifua kikuu. Akaniambia, "Dada, mimi nanywa methadoni kila siku, lakini jioni arosto inanipiga kama zamani." Nikakumbuka tulivyofundishwa: rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huifanya methadoni iishe mwilini haraka. Mgonjwa hajafanya kosa lolote. Dozi yake ndiyo imekuwa ndogo. Tukarudi wote kliniki, dozi ikapandishwa, akatulia, kifua kikuu kikapona. Angeachwa kwa siku chache zaidi, angekuwa ameandikwa kwenye daftari kama mtoro, na mtaani kama teja asiyesikia.

Polisi palikuwa pagumu zaidi. Watu wetu walikamatwa asubuhi wakielekea kliniki, kosa ni uzururaji. Mtu akikaa mahabusu bila dawa, ikifika kesho yake arosto imemtoa jasho na kumtapisha, na wenye zamu wanadhani ana kipindupindu. Tuliomba kuonana na mkuu wa kituo. Tukaenda wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, tumevaa vizuri, na kadi zetu za kliniki. Tukamweleza kwamba anayekunywa dawa kila siku ndiye asiyeiba, na anayezuiwa kuifuata ndiye atakayerudi kuvunja madirisha. Alitusikiliza. Tukakubaliana mwenye kadi aruhusiwe kumpigia mmoja wetu. Sikudanganyi kwamba kila askari alifuata. Mwanzoni mwa mwaka 2017, wakati wa msako mkubwa wa dawa za kulevya jijini, maskani yalitawanyika na watu wakaogopa hata kupanga foleni ya dawa. Tulitembea usiku kuwatafuta, nyumba kwa nyumba na vichaka kwa vichaka, tukiwasindikiza asubuhi mmoja mmoja. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inamgusa muuzaji na mtumiaji kwa pamoja, na mamlaka iliyoundwa chini yake ina kazi ya kinga na tiba pia. Hiyo sehemu ya tiba ndiyo tunayoikumbusha kila tunapoitwa mkutanoni.

Katika mikutano hiyo nimekutana na wengi wa aina yetu. Wapo wa TaNPUD, mtandao wa watu wanaotumia dawa za kulevya Tanzania, wanaosimama mbele ya wizara wakisema wao wenyewe badala ya kusemewa. Wapo wenzetu wa Zanzibar, ambako Suleiman Mauly, aliyewahi kuwa mtumiaji, na wenzake walianzisha nyumba za soba, makazi ya wanaoacha dawa kabisa, ambamo waliotoka huwalea wanaoingia kwa kufuata hatua kumi na mbili za kupona. Walipata mkono wa wenzao wa Detroit, Marekani, nao pia watu waliopona. Wapo wa Malindi, ambako Omari Project inahudumia waraibu wa pwani ya Kenya tangu miaka ya 1990. Kati yetu upo ubishi: watu wa soba wengine husema mwenye methadoni bado hajaacha. Mimi huwajibu kwa upole lakini bila kurudi nyuma. Mwanamke anayeamka na kupika chai, anayelipa kodi ya chumba, anayekwenda kikao cha wazazi shuleni, amepona. Kila mmoja apite mlango uliomfungukia. Tukigombana sisi, anayefurahi ni muuza unga.

Kitu ambacho bado kinatutoa jasho ni riziki. Halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Tulipotaka kusajili kikundi, tukagundua wengi wetu hatuna kitambulisho cha NIDA, na barua ya serikali ya mtaa hutolewa kwa mkazi anayejulikana. Nani anamjua mtu aliyelala miaka kwenye jumba bovu? Nikaanza kuwasindikiza mmoja mmoja kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Ofisi moja ilituambia wazi kwamba pesa ya serikali haipewi mateja. Hatukubishana pale. Tulianzisha kicoba chetu wenyewe, tukakopeshana vijisenti, tukaweka daftari safi la marejesho, tukarudi na daftari hilo mezani. Leo wapo kati yetu wanaokaanga samaki Feri, wanaoshona, wanaouza mboga. Mkopo wa halmashauri bado tunaufuatilia, na tutaupata.

Sasa niseme la mwisho kuhusu watu wa kazi hii. Waelimishaji rika wengi hatuna mshahara. Tunapewa posho mradi ukiwepo, na mradi huletwa na wafadhili. Mapema mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, waelimishaji rika wengi ninaowajua walisimama kazi. Dawa ikibaki dirishani na anayewaleta watu dirishani akaondoka, foleni inapungua, na ofisini wataandika kwamba waraibu wamepungua. Hawajapungua. Wamerudi maskani. Halmashauri zetu zina wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wachukueni na wetu, muwalipe kama wao. Dada aliyenitafuta alifariki bila kuwahi kupata hati ya mshahara hata moja, na kuna familia nyingi zinazokula pamoja leo kwa sababu yake.

Mzazi, usimfukuze moja kwa moja; mpe kibaraza kama chumba hukiwezi. Muuguzi, soma kadi kabla ya kusoma mikono. Mwenyekiti wa mtaa, andika ile barua. Nawe dada au kaka unayesoma ukiwa bado unatumia, kliniki za methadoni zipo, dawa ni bure, na huna haja ya kwenda peke yako. Ulizia waelimishaji rika wa mtaani kwenu, useme unataka mtu wa kukusindikiza. Atakuja, na atajua saa ya kuja.